Kabla ya Mashine, Nunua Kinoo

Maji yakitoka Paje, ngalawa hubaki zimelalia ndubi zake juu ya mchanga mweupe, na huo ndio wakati mzuri wa kuzikagua. Inama ubavuni mwa mojawapo, mahali rangi ilipobanduka, upapase kwa kiganja. Utahisi mabonde madogo madogo yaliyofuatana, kila moja lina upana wa vidole viwili au vitatu. Hayo ni mapigo ya tezo. Chombo kizima kimetolewa ndani ya gogo la mwembe, kwa shoka kwanza kisha kwa tezo, kikatobolewa kwa keekee, kikasawazishwa kwa randa na patasi, na zana zote zilizofanya kazi hiyo zinaenea kwenye kikapu kimoja. Alfajiri kitavuka mwamba kwenda kuvua.

Naanza na ngalawa kwa sababu ya swali la mtu mmoja ambaye katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja, kama Paje na Jambiani, si mgeni tena. Ana kazi yake: ni mwalimu wa skuli, mpokea wageni hotelini, dereva wa watalii, au mama wa mwani. Hataki kuwa seremala wa kulipwa. Anatamani tu kutengeneza kitu kwa mikono yake jioni au siku ya mapumziko, iwe kiti cha barazani, rafu ya vitabu vya watoto au kigoda cha jikoni, na hajui aanzie wapi. Akiingia duka la vifaa vya ujenzi mjini anaonyeshwa grainda, drili, msumeno wa umeme na sanduku la plastiki lililojaa vipande vinavyong'aa. Anatoka na mzigo ambao nusu yake hataugusa, au anatoka mikono mitupu kwa kuogopa bei.

Jibu langu kwake ni fupi, na makala hii yote ni ya kulitetea. Anayeanza anahitaji zana chache za mkono, kinoo kizuri, na kazi moja anayotaka kuimaliza. Zana itakayofuata ataijua siku kazi itakayofuata itakapomkwamisha.

Mafundi wa kikapu kimoja

Pwani hii imeujua ufundi wa mbao kwa muda mrefu mno. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya 1, Periplus ya Bahari ya Erythrae, kinataja mashua za kushonwa katika bandari ya Rhapta, upande huu wa Azania. Ufundi huo uliishi hadi mwanzoni mwa karne ya 20 katika mtepe wa Lamu na visiwa vya jirani: mbao zilitobolewa tundu baada ya tundu, zikafungwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, bila msumari hata mmoja wa chuma. Ukitafakari kazi ile unaona kwamba zana iliyobeba kila kitu ni keekee, inayozungushwa kwa uta unaovutwa huku na huku. Waundaji wa majahazi wa Nungwi hawajaisahau mpaka leo.

Mjini nako ni hivyo hivyo. Milango ya Mji Mkongwe, mji ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, imetengenezwa kwa msaji ulioletwa kutoka India, kwa mvule, na kwa mfenesi wa hapa hapa. Simama mbele ya mlango wowote wa zamani uangalie miimo ilivyoingia kwenye kizingiti cha juu, na mfaa ulivyoketi katikati ya mbao mbili za mlango. Nakshi zitakuvuta macho kwanza, lakini anayejifunza aangalie viungo. Jumba la Beit al-Ajaib lilipojengwa mwaka 1883, kazi ya seremala wa Unguja haikutegemea mashine ya kukata wala ya kupiga randa. Kulikuwa na misumeno, patasi, nyundo na mikono iliyozoea.

Hata nje, wanaolifikiria jambo hili kwa makini wanarudi kwenye uchache. Mwandishi wa Marekani Christopher Schwarz alitoa mwaka 2011 kitabu kinachojulikana sana kwa wapenzi wa useremala wa kujifurahisha, akidai kwamba zana zisizofika 50, zikiwa nzuri, zinatosha kutengeneza karibu samani yoyote. Wapo watakaoona ni chache mno. Fundi wa ngalawa wa Jambiani angeona ni nyingi.

Kuna jambo jingine linalowazuia watu wetu, nalo si fedha. Useremala kwetu ni kazi ya kuajiriwa. Ukitaka meza, unamwita fundi. Mwalimu akionekana uani anapiga randa, jirani anadhani mshahara umechelewa. Mwanamke ndiyo zaidi. Ilhali wanawake wa Paje, tangu kilimo cha mwani kiliposhika hapa mwaka 1989, wamekuwa wakichonga vigingi na kuvipigilia kwenye mchanga wa bahari kila bamvua. Wanajua mti upi unapasuka na upi unavumilia maji ya chumvi. Ujuzi huo tayari ni nusu ya useremala, na hakuna sababu hata moja ya kuishia ufukweni.

Nini kiingie kikapuni

Kwanza msumeno. Madukani utaona misumeno yenye meno meusi kwenye ncha. Weusi ule ni alama ya moto: meno yamepashwa moto mpaka yakawa magumu kuliko tupa. Msumeno huo unakata vizuri sana siku ya kwanza na kwa muda mrefu baadaye, lakini ukiisha makali haunoleki, unatupwa. Msumeno wa zamani wa mpini wa mti, usio na weusi huo, hunolewa kwa tupa ya pembetatu miaka na miaka. Kwa anayeanza ningesema anunue ule mpya, wenye meno madogo, kwa sababu anahitaji kuona mstari ulionyooka leo, si baada ya kujifunza kupiga tupa. Ule wa zamani autafute taratibu. Wajapani wana misumeno inayokata inapovutwa badala ya kusukumwa, na kwa hiyo bamba lake ni jembamba na mkato wake ni mwembamba. Ukikutana na msumeno huo, ujaribu. Wengi wenye mkono mwepesi huupenda.

Pili patasi. Mbili zatosha: moja ya nusu inchi, nyingine ya inchi moja. Usinunue seti ya sita kwa bei ya moja. Chuma chake ni laini, na kila ukinoa unajidanganya.

Tatu randa, na hapa nataka kukaa kidogo. Randa ya chuma inayojulikana na wengi, yenye gurudumu dogo nyuma la kupandisha na kushusha kisu, ni ubunifu wa Mmarekani Leonard Bailey, ambao kampuni ya Stanley iliununua mwaka 1869. Umbo lake halijabadilika sana tangu wakati huo. Namba 4, yenye urefu wa sentimita 25 hivi na kisu cha inchi 2, ndiyo ya kila kazi. Randa mpya za bei rahisi zina kasoro moja inayoudhi: tumbo lake halijanyooka, kwa hiyo inaruka pale inapotakiwa kula. Randa kuukuu iliyoingia na mitumba kutoka Ulaya, hata ikiwa na kutu ya juu juu, mara nyingi ni bora kuliko mpya inayong'aa. Igeuze, weka rula juu ya tumbo lake, tazama mwanga unaopita chini ya rula. Angalia mdomo, pale kisu kinapotokea, kama hapana ufa. Vuta kisu nje: kutu inayofutika kwa msasa haina neno, kutu iliyochimba vishimo karibu na makali ni kasoro ya kudumu. Wapo watu waliojenga kazi nzima juu ya ukweli huu. Shirika la Uingereza la Tools for Self Reliance, lililoanzishwa mwaka 1979, limekuwa likikusanya zana za mkono zilizotumika, kuzifufua na kuzileta kwa mafundi wa Afrika, Tanzania ikiwemo. Patasi ya babu aliyefariki Uingereza inaweza kufanya kazi miaka mingine 50 mikononi mwa kijana wa huku.

Yaliyobaki ni mepesi: nyundo moja, na kipande cha mti mgumu cha kupigia patasi ili usipasue mpini, tepu ya kupimia, penseli iliyochongwa vizuri, skwea, ambayo uijaribu dukani kwa kuchora mstari, kuigeuza upande wa pili na kuchora tena mahali pale pale, na mistari ikiachana usiichukue, na kitu cha kutobolea, iwe keekee ya mkono au drili. Vibano vya chuma ni ghali. Kamba imara iliyozungushwa samani mara mbili na kusokotwa kwa kijiti mpaka ikaze hubana gundi sawasawa, na kabari za mti zinamalizia.

Meza ya kazi usiinunue. Itengeneze, baadaye. Kwa sasa sanduku zito au ngazi ya baraza yatosha.

Kinoo

Hiki ndicho kitu ambacho wauzaji hawakitaji na wanaoanza hawakiulizi. Watu wengi wanaoacha useremala mwezi wa kwanza wanadhani hawana kipaji, kumbe patasi zao hazijawahi kuwa kali. Patasi mpya inatoka kiwandani ikiwa imesagwa tu, haijanolewa. Ukiitumia hivyo inaponda nyuzi za mbao badala ya kuzikata, unaisukuma kwa nguvu, inateleza, na kidole kinalipa.

Nunua kinoo chenye pande mbili, upande wa kukwaruza na upande laini. Kama hakipatikani, chukua kipande cha kioo kinene kilichobaki kwa fundi wa madirisha, ubandike juu yake msasa wa maji, ule wanaotumia wapaka rangi wa magari, namba 400 upande mmoja na 1000 au zaidi upande wa pili. Kioo hakipindi, na msasa ni wa bei ndogo.

Anza na mgongo wa patasi, ule upande bapa. Ulaze juu ya kinoo chenye maji, usugue sentimita tatu za mwisho mpaka mikwaruzo ya kiwandani ipotee na chuma kianze kung'aa hadi kwenye makali. Kazi hii ya mgongo inafanywa mara moja tu kwa maisha ya patasi, kwa hiyo usiikatize. Kisha geuza. Mteremko wa makali unatakiwa uwe kati ya digrii 25 na 30, na huhitaji kipimo cha hesabu: ukiona urefu wa mteremko ni mara mbili ya unene wa patasi, hapo una digrii 30. Uweke mteremko wote ukae juu ya kinoo, uhisi ulivyotulia, ufunge kiwiko karibu na mbavu, usogeze mwili wote mbele na nyuma. Usitikise mkono peke yake, la sivyo mteremko utakuwa wa mviringo. Baada ya muda papasa mgongo kwa kidole gumba, ukielekea nje ya makali, usipite juu yake. Utahisi kijikunjo chembamba cha chuma, kama ukingo wa karatasi. Kikiwa kimetokea kuanzia kona mpaka kona, upande huo umekwisha. Hamia upande laini, rudia, kisha laza mgongo uondoe kijikunjo. Mwishoni vuta patasi mara kadhaa juu ya kipande cha ngozi ya mkanda wa zamani.

Jaribu kwenye kichwa cha ubao wa paini, pale nyuzi zinapokutazama. Patasi butu inaacha unga na vishimo. Patasi kali inatoa kipande chembamba kinachojikunja, na pale ilipopita mti unang'aa. Mtu akiliona hilo kwa macho yake hatanunua tena zana ovyo.

Paje ina adui mwingine wa makali, nao ni upepo wenyewe. Kusi linapovuma kutoka baharini, kuanzia Aprili hadi Septemba, linaingiza chumvi mpaka chumbani. Ni upepo ule ule unaowaleta wapeperusha tiara wa baharini kutoka dunia nzima. Patasi uliyoiacha juu ya sakafu ya saruji usiku mmoja unaikuta asubuhi ina madoa mekundu. Dawa yake ipo kila duka: mafuta ya cherehani. Futa chuma kwa kitambaa kikavu, pitisha kitambaa chenye tone la mafuta, zungushia kipande cha kanga kuukuu, weka kikapuni au sandukuni, juu, mbali na sakafu. Kazi hii haichukui hata dakika tano na haifai kuahirishwa.

Mbao

Mbao nyingi laini zinazouzwa Unguja zinavuka bahari. Paini hutoka nyanda za juu kusini, hasa upande wa Mufindi kwenye shamba kubwa la misitu la Sao Hill. Ina vifundo, ina utomvu, lakini ni rahisi na inasamehe. Ndiyo ya kujifunzia. Mwambie muuzaji unataka moja kwa nane au mbili kwa nne, kisha uichague mwenyewe: nyanyua ncha, tazama kwa jicho moja hadi mwisho wa ubao. Uliopinda uache. Ubao wa kiwandani unakuja na magamba ya msumeno. Karakana yenye mashine ya kupiga randa itausafisha kwa malipo madogo kwa kila ubao. Hapo umeshaokoa bei ya mashine nzima.

Mfenesi nitausifu bila kujizuia. Una rangi ya manjano inayogeuka kahawia kadiri miaka inavyokwenda, unakatika vizuri, unastahimili maji na wadudu kuliko mwembe. Mwembe ni laini na unapatikana, ndiyo maana ngalawa zinachongwa kwake, lakini ukiukausha vibaya unaingiliwa na fukusi na madoa ya buluu. Mnazi uache kwa mwaka wa pili: nje ni mgumu kupindukia, ndani ni laini, na unakula makali ya zana. Mvule, mkangazi na mninga ni mbao za heshima na bei yake ni ya heshima pia. Vumbi la mvule huwasha pua na koo, kwa hiyo funga barakoa. Mkoko usiuguse. Kukata miti Unguja, mikoko ikiwa ya kwanza, kunataka kibali cha wahusika wa misitu, na ukanda wa Jozani hadi ghuba ya Chwaka ni hifadhi ya taifa.

Ipo pia mbao ya bure. Hoteli zinazojengwa kati ya Paje na Jambiani huletewa vigae na samani juu ya paleti. Kabla ya kuichukua tafuta muhuri uliochomwa ubavuni. Herufi HT maana yake mbao ilipashwa moto kuua wadudu, na hiyo ni salama. Herufi MB maana yake ilifukizwa kwa gesi ya sumu ya methaili bromaidi. Iache ilipo, usiikate wala usiichome jikoni. Mbao za majahazi mabovu, ambazo siku hizi zinageuzwa meza za mahoteli, ni nzuri kwa macho lakini zimejaa misumari iliyokatikia ndani. Pitisha sumaku ya spika iliyokufa juu ya ubao wote kabla randa haijaugusa.

Na uipe mbao muda. Ipange kivulini na vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite. Mafundi wa Ulaya huhesabu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Joto letu linaharakisha, masika yanarudisha unyevu nyuma. Droo iliyobana barabara wakati wa kiangazi cha kaskazi haifunguki mwezi wa Aprili, kwa hiyo iachie nafasi.

Kazi ya kwanza, na zile zinazofuata

Mbuzi ya kukunia nazi. Siijui kazi nyingine inayofundisha mengi kwa mbao kidogo kiasi hicho. Ni mbao mbili zinazopishana: moja ya kukalia, ya pili ni mguu unaopita katika tundu refu la ile ya kwanza, zikashikwa na kijiti ili zikunjike na kukunjuka. Mbele unapachikwa ulimi wa chuma wenye meno, unaopatikana tayari au kwa mfua chuma. Ukiitengeneza umejifunza kukata mstari ulionyooka, kuchimba tundu kwa patasi kutoka pande zote mbili bila kupasua ukingo, kutoboa shimo lililosimama wima, na kulainisha mahali mtu atakapokaa. Juu ya hayo, kazi yako inakaguliwa na mtaalamu. Mama akikaa na mbuzi ikayumba, utajua papo hapo, na utaambiwa ni mguu upi.

Kutoka hapo nenda kwenye marufaa ya msahafu, na uende nayo polepole, kwa kuwa ni moja ya vitu vya busara zaidi vilivyobuniwa na maseremala wa ulimwengu wa Kiislamu. Inatoka katika ubao mmoja, bila gundi, bila msumari, bila bawaba. Chukua mfenesi au mkangazi wenye unene wa inchi moja. Chora ukanda mahali mbao zitakapopishana, ugawe vipande vitano sawa. Kwa patasi kali chimba kila kipande hadi nusu ya unene wa ubao, cha kwanza kwa upande wa juu, cha pili kwa upande wa chini, ukifuata mteremko uliouchora ubavuni, mpaka vidole hivyo vitano vishikane. Kisha simamisha ubao, ushike msumeno, upasue unene wenyewe kutoka ncha ya juu kuteremka hadi kwenye vidole, na kutoka ncha ya chini kupanda. Mkato ukipinda milimita chache, jani moja litakuwa nene na jingine jembamba. Ukienda sawa, unavuta taratibu, kunasikika mlio mdogo, na ubao mmoja unafunguka ukawa kiti cha msahafu. Wa kwanza huenda ukavunjika vidole. Paini ipo kwa ajili hiyo.

Baada ya hapo kila mtu aende anakotaka. Apendaye kuchonga ajaribu bao la kete: mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane, kila mchezaji na nyumba yake ya mraba, na kina kinacholingana ili kete 64 zichoteke kwa vidole. Hiyo ndiyo kazi itakayokulazimisha kununua bobari, patasi ya mkunjo, na utainunua ukijua kwa nini. Apendaye samani aingie kwenye ulimi na tundu, kiungo kile kile kilichoshika miimo ya milango ya mjini, na atengeneze kigoda chenye miguu minne isiyohitaji skrubu. Hapo sasa ataitamani meza ya kazi na jiriwa, na atastahili.

Umeme una nafasi yake

Sisemi mashine ni haramu. Drili ya betri ni ya kwanza kwa manufaa, kisha msumeno mdogo wa umeme wa kukata mikunjo. Lakini kumbuka historia yetu. Umeme wa Unguja unapita chini ya bahari kutoka Bara, na kebo ilipoharibika Desemba 2009 kisiwa kilikaa bila umeme huo hadi Machi 2010. Aliyekuwa na msumeno wa mkono hakusimama hata siku moja.

Kitu kimoja nakikataza kwa nguvu zangu zote. Katika karakana nyingi za Afrika Mashariki utaona grainda ya kukatia chuma imefungwa diski ya meno ya kukatia mbao. Grainda inazunguka kasi kuliko diski ile ilivyokusudiwa, haina kinga ya kutosha, na ikikwama kwenye ubao inaruka kuelekea mwili wa aliyeishika. Vidole, mapaja na nyuso za vijana zimeharibika kwa hilo. Usinunue diski hiyo. Ukiiona kwa fundi unayempenda, mwambie. Na kwa mashine yoyote vaa miwani ya kinga, hata kama unakata kipande kimoja tu.

Wa kumwendea

Video za simu zinafundisha, ila hazikusahihishi mkono. Paje na Jambiani bado wapo wazee wanaochonga ngalawa, na mjini wapo wachonga milango na makasha. Nenda kwa adabu. Mpe mzee shikamoo yake, kaa pembeni, okota maranda, tazama. Usimwulize bei ya zana zake. Akikupa kazi ya kushika ncha ya ubao, ishike sawasawa, maana hapo ameshakukubali. Siku utakayomwonyesha patasi yako naye akaipitisha kwenye ukucha kuipima makali, utapata somo ambalo hakuna duka linaloliuza.

Anayetaka mpango rasmi ana vituo vya mafunzo ya amali, kama vile cha Mwanakwerekwe na cha Mkokotoni kwa Unguja na cha Vitongoji kwa Pemba. Awaulize huko kuhusu useremala na nafasi zilizopo. Kwa wenye hoteli wa Paje nina ombi moja. Kila ujenzi unapomalizika hubaki vipande vya mkangazi, mninga na msaji vyenye urefu wa dhiraa moja au pungufu, ambavyo kwa mkandarasi ni takataka. Vipande hivyo ndivyo hasa vinavyotosha mbuzi, marufaa na vigoda. Viwekeni mahali pakavu karibu na lango, na waambieni vijana na akina mama wa kijiji waje wavichukue.